Ekzosi yanuka petroli: gari kuwa "richi" ni nini hasa

Fundi akikwambia gari iko richi, anachosema ni kwamba injini inapewa petroli nyingi kuliko hewa ya kuichoma. Kilo moja ya petroli yataka kama kilo 14.7 za hewa ndio iungue yote, na hewa ilivyo nyepesi, ukija kwa lita wapata lita moja ya petroli yameza hewa karibu lita 9,000, sasa hesabu hio ikipinda kidogo tu upande wa mafuta, yanayobaki yapita mabichi mpaka ekzosi, ndio hio harufu yakurudia puani ukiwa foleni ya feri Likoni na madirisha umeshusha.

Asubuhi ukiwasha gari harufu kidogo ni kawaida, injini ikiwa baridi kompyuta ya gari huongeza mafuta makusudi. Lakini hapa Mombasa injini hulala kwa joto la nyuzi 20 na zaidi, si Limuru kwenye baridi, kwa hivyo dakika kadhaa harufu yafaa iwe ishapungua. Ikibaki mpaka umefika Changamwe, kuna kitu.

Ila si kila harufu ya petroli ni richi, na hapo ndipo watu huliwa pesa za spea bure. Kuna kumisi pia. Gari ikimisi, mchanganyiko waweza kuwa sawa kabisa lakini silinda moja haipati cheche, plagi imekufa ama koili inayoipa umeme, na petroli yake yote yatemwa nje vile vile ilivoingia. Gari ya hivi yatetemeka ikiwa imesimama inanguruma, haina nguvu, na taa ya injini yaweza kuwaka ikizima zima. Ikifanya hivo usiilazimishe kupanda Nyali, ile petroli mbichi yaenda kuungua ndani ya katalitiki, kile kisafisha moshi cha ekzosi, na kuiyeyusha, na bei yake waijua. Richi yenyewe yanguruma kama kawaida mara nyingi, ila moshi mweusi na mafuta yaisha mbio, kama stovu ya mafuta taa iliyopandishwa utambi sana.

Sasa kabla hujanunua chochote mwambie fundi afungue plagi zote azipange chini kwa mpangilio wa silinda. Plagi nzima huwa na rangi ya kahawia hafifu ama kijivu. Zikiwa nyeusi za masizi makavu zote nne, tatizo ni la pamoja, yaani sensa, presha ya mafuta ama joto la injini. Ikiwa nyeusi ni moja tu shuku injekta (inayonyunyiza petroli) ya hio silinda inavuja, na hii huwa na dalili nyengine, gari ikiwa moto ukizima uende dukani ukirudi yasumbua kuwaka. Ikiwa moja imelowa petroli, hapo mara nyingi ni cheche haipo. Kazi ya nusu saa kwa gari nyingi na yakwambia mengi kuliko kubahatisha.

Ukipiga mashine ya kusoma makosa ya injini, kodi (namba ya kosa) P0172 ni richi, P0301 mpaka P0304 ni kumisi na ile namba ya mwisho ndio silinda. Lakini usiishie kodi, muombe akuonyeshe joto la injini inavosoma kwa hio mashine. Nasema hivi kwa sababu ya mchezo ambao huku Pwani mafundi waupenda sana, gari ikiovahiti mara moja fundi atoa themostati, ile vali inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto, atupa, eti huku joto haihitajiki. Bila themostati maji yazunguka kwa rejeta muda wote, ukienda barabara ya wazi injini haifiki nyuzi 80 na kitu inazotakiwa, kompyuta yafikiri bado ni asubuhi, yazidi kumwaga mafuta. Mtu abadilisha injekta na oksijeni sensa, ile ya ekzosi inayopima hewa iliyobaki kwa moshi, na kumbe kinachokosekana ni themostati. Na mashine ikionyesha nyuzi -40, hio ni waya ya sensa imekatika ama imechomoka, Mombasa hatujafika huko.

Kitu chengine cha huku ni kutu. Chumvi ya bahari yala mabomba, na ekzosi ikitoboka ama gasketi ya manifoldi (pale ekzosi inaposhikana na injini) ikivuja kabla ya oksijeni sensa, hewa ya nje yaingia, sensa yaona hewa ni nyingi yaambia kompyuta iongeze petroli. Tundu dogo tu la kuchomelewa.

Ea klina, chujio la hewa, husingiziwa sana, kwa gari za injekta ikiziba huwa yapunguza nguvu zaidi kuliko kuleta richi, ila kwa gari za zamani za kabureta kweli yaleta.

Na harufu ikiwa yatoka chini ya boneti ama karibu na tangi, hio si ekzosi tena, ni mafuta yavuja, zima gari kabisa. Pia gari iliyo richi yatoa kaboni monoksidi kwa wingi, gesi isiyo na harufu na yaua, usiiache ikinguruma ndani ya gereji iliyofungwa.

Ikishatengenezwa, vuta dipstiki unuse. Oili ikinuka petroli ama imepanda juu ya alama, imwage uweke mpya hata kama kilomita zake hazijafika, manake ishakuwa nyepesi haishiki tena kwa bearingi.