Bundi kwenye boksi la sabuni

Mwezi wa saba, Uyole, Mbeya, saa kumi na moja alfajiri, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Dereva wa bodaboda alinipigia: kuna bundi kando ya barabara kuu ya Tunduma, bawa moja linaburuta. Nilipofika walishamzunguka watu watano, mmoja ana jiwe mkononi. Bibi muuza maandazi akaniita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwanangu, ukimbeba huyo, mwezi huu unazika mtu."

Hapo ndipo kazi yetu ya kujitolea kuokoa wanyama na ndege waliojeruhiwa inapoanzia: kwenye maneno, kabla ya kidonda.

"Bundi ni mkosi." Bundi anafuata panya, na panya wanafuata magunia ya mahindi tunayolala nayo nyumba moja. Nyumba yenye mgonjwa watu wanakesha, kwa hiyo wanamsikia. Majirani walioko usingizini analia juu ya bati lao pia, ila hawana habari. Mkosi upo, lakini unamwangukia bundi mwenyewe. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda. Panya aliyekula hafi papo hapo, huzubaazubaa siku kadhaa, na bundi humchukua kirahisi. Akiletwa bundi asiye na jeraha lakini amenyong'onyea na kinywa kimepauka, swali langu la kwanza ni nani ametega sumu mtaani.

"Mpe maji kwanza, maskini." Hili linaua kuliko mawe, na nalisema kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilimpa kinda wa njiwa maziwa kwa bomba la sindano. Akakohoa mara mbili, akatulia, nikadhani ameshiba. Tundu la hewa la ndege liko nyuma tu ya ulimi. Ukimmiminia, unamjaza mapafu. Na maziwa yenyewe si chakula chake: ndege hanyonyi, na tumbo lake halimudu sukari ya maziwa.

Mnyama aliyeumia anataka joto, giza na kimya. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni au Julai unammaliza majeruhi kabla ya kidonda chenyewe. Chukua boksi, litoboe matundu, tandika kitambaa, weka pembeni chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa khanga, funika, ondoka. Usimfungulie kila dakika kumwonyesha jirani. Kwake wewe ni kitu kikubwa kinachotaka kumla, hata ukimbembeleza namna gani.

"Ukimgusa kinda, mama yake atamkataa." Hapana. Kinda asiye na manyoya mrudishe kiotani. Mwenye manyoya anayerukaruka chini yuko mafunzoni na mama yake anakuona. Mfungie paka wako.

"Ametulia, basi ni mpole." Nguchiro anayekuja kwako mchana kweupe bila woga, au popo aliyelala sebuleni, usimshike kwa mikono mitupu. Huenda ana kichaa cha mbwa, ambacho hakiishii kwa mbwa. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo. Dalili zikishajitokeza, ugonjwa huo karibu kila mara huua. Kwa bundi, watu huogopa mdomo wakati hatari iko kwenye kucha: mfunike kichwa kwa koti, kisha dhibiti miguu.

"Nitamlea mwenyewe, si nampenda?" Tumbili mchanga anachekesha, akikomaa anang'ata watoto wa nyumba. Tena kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, wanyamapori ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kumfuga bila kibali ni kosa. Kwa hiyo boksi likishafungwa, kinachofuata ni simu kwa afisa wanyamapori wa wilaya au TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori nchini, na kutafuta daktari wa mifugo. Sehemu kubwa ya kujitolea ndiyo hiyo: simu, nauli, kusubiri. Wanaotaka kupiga picha wakimnyonyesha mnyama hukata tamaa wiki ya pili.

Wala si kila aliyeokolewa hupona. Wengi nilioletewa walikufa usiku wa kwanza, na wengine daktari aliwapumzisha ili wasiteseke.

Yule wa Uyole alivunjika bawa. Mfupa wa ndege huunga haraka, wiki tatu hivi, lakini usiponyooshwa mapema unaunga umepinda na kuruka ndiyo basi. Huyu tulimwahi. Akafungwa, akala panya, akatugongea mdomo kila tulipofunika boksi. Jioni moja tukamrudisha palepale alipookotwa, kwa sababu ndipo anapojua viota na mawindo yake.

Bibi wa maandazi bado ananiuliza nikipita, "Yule ndege wako yuko wapi?" Namwonyesha ghala la mahindi nyuma yake. Anaguna, ananifungia maandazi mawili, halafu anahesabu chenji bila kugeuka kutazama.