Kingamwili ya TRPML1: tunayoyaamini kabla ya kupima

Unguja na Pemba, kipimo cha haraka cha malaria hakihitaji kuelezwa. Ndani ya kile kijikanda mna kingamwili, yaani protini zinazonasa kitu maalumu; hizi hunasa HRP2, protini ya kimelea, na mstari ukitokea jibu limepatikana. Kipimo hicho hujaribiwa sana kabla hakijatufikia, na kwa sababu hiyo tumezoea kuiamini kila kingamwili. Kijana anayeanza utafiti wa seli huenda na imani hiyohiyo kwenye kichupa cha kingamwili kilichoandikwa TRPML1, na hapo ndipo matokeo yanapoharibika.

TRPML1 ni chaneli ya ioni, yaani protini iliyo mlango wa chembe zenye chaji, kwenye utando wa lisosomu, vile vifuko vyenye tindikali vinavyomeng'enya taka za seli, ambavyo Christian de Duve alivitambulisha mwaka 1955. Hupitisha kalsiamu na chuma kutoka ndani ya lisosomu. Mtoto akirithi nakala mbovu za MCOLN1, jeni inayotengeneza TRPML1, kwa baba na kwa mama, hupata mukolipidosisi aina ya 4, maradhi adimu yanayozorotesha ubongo na macho. Chaneli za ukoo huu wa TRP zinatuhusu zaidi ya tunavyodhani: prazikwanteli wanayomezeshwa watoto wa skuli zetu dhidi ya kichocho hufungua chaneli ya ukoo huohuo ndani ya mnyoo.

Dhana: kingamwili hii inaweza kumpima mgonjwa. Haiwezi. Imetengenezwa kwa utafiti tu, na kichupa chenyewe kinasema hivyo. Mukolipidosisi huthibitishwa kwa kusoma jeni.

Dhana: jina lililo kwenye kichupa ndilo kinachonaswa. Hii ndiyo inayopoteza fedha na miezi ya watu. Kingamwili nyingi za aina hii hupatikana kwa kumdunga sungura kipande kifupi cha protini, kisha kuchukua damu yake. Damu hiyo ina kingamwili za kila namna, na baadhi hushika vitu ambavyo hakuna aliyevikusudia. TRPML1 ina ndugu wawili, TRPML2 na TRPML3, wanaofanana nayo. Tena TRPML1 yenyewe katika seli nyingi ni chache mno, kwa hiyo kingamwili ikishika kidogo tu protini nyingine iliyojaa tele, mstari mnene utatoka kwenye jeli, inayotenganisha protini kwa ukubwa, na mtafiti atafurahia kisicho chake.

Njia ya kuaminika ni kutafuta seli ambazo MCOLN1 imeondolewa kabisa, ukaziendesha kwenye jeli moja na seli za kawaida, ubavu kwa ubavu. Mstari ukitoweka upande usio na jeni, una sababu ya kuamini. Ukibaki palepale, kingamwili inashika kitu kingine, hata kama picha za muuzaji zinapendeza vipi. Wapo wanaotosheka kuizuia kingamwili kwa kipande kilekile alichodungwa sungura. Mimi sitosheki, kwa kuwa kipande hicho huzima mshiko sahihi na usio sahihi kwa pamoja.

Dhana: lazima mstari uwe kwenye kilodaltoni 65, kipimo cha uzito wa protini. Hesabu ya asidi amino 580 inaleta takriban uzito huo. Lakini sehemu ya protini inayotazama ndani ya lisosomu hubandikwa sukari, na hukatwa pia, kwa hiyo mistari ya juu na ya chini inaweza kuwa halali. Tatizo kubwa zaidi hutokea kabla ya jeli. Tumefundishwa kuchemsha kila sampuli kwa nyuzi 95. Protini inayopenya utando mara sita, kama hii, ikichemshwa hivyo inaweza kugandamana, ikakwama juu kabisa ya jeli, nawe ukaandika kwamba seli haina TRPML1. Jaribu nyuzi 37, au iache kwenye joto la chumba, kisha linganisha.

Dhana: chini ya hadubini, nukta za kijani za kingamwili zikilalia za LAMP1, protini ya utando wa lisosomu, kazi imekwisha. Hadubini ya kawaida ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi. Nukta zinaonyesha kuwa kitu kilichonaswa kiko kwenye lisosomu au jirani yake, hazisemi ni kitu gani. Wala hazisemi kama chaneli iko wazi au imefungwa. Hilo hupimwa kwa mkondo wa umeme au kwa kufuatilia kalsiamu.

Dhana: ukishaiweka kwenye friza, iko salama. Unguja ilikaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi, kuanzia Desemba 2009, na hadi leo mwenye maabara hapa hapaswi kuutegemea umeme peke yake. Madhara makubwa huja pale kingamwili inapoganda na kuyeyuka tena na tena. Igawe kwenye vichupa vidogo siku inapofika, na epuka friza zinazojiyeyusha barafu zenyewe. Iliyochanganywa na gliseroli nusu kwa nusu haigandi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na hiyo ndiyo ningeichagua kwa mazingira yetu. Andika pia namba ya toleo kwenye daftari: toleo jipya la kingamwili ya sungura huweza kutoka kwa sungura mwingine, na jaribio la seli zisizo na jeni linapaswa kurudiwa.