Kadi ya matundu: enzi za programu ya kushikwa mkononi

Kadi ya matundu ni kipande cha karatasi ngumu kinachobeba taarifa kwa matundu yaliyotobolewa mahali maalumu. Tundu likiwepo, umeme unapita au mwanga unapenya na mashine inajua kuna kitu. Lisipokuwepo, mashine inapita kimya. Kabla ya diski na skrini kuzoeleka, kadi hizi zilikuwa njia kuu ya kuingiza maneno kwenye kompyuta, na pia ghala la kuyatunza. Programu nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa bunda la kadi lililofungwa kwa mpira, basi.

Aina iliyoenea kuliko zote ni ile ya kampuni ya Marekani ya IBM ya mwaka 1928, yenye matundu ya mstatili. Ina urefu wa sentimita 18.7, kimo cha sentimita 8.3, na unene usiofika milimita 0.2. Ndani yake kuna safuwima 80, na kila safuwima ina nafasi 12 za kutoboa kutoka juu hadi chini. Safuwima moja ni herufi moja, hivyo kadi nzima inabeba herufi 80. Boksi la kawaida lilikuwa na kadi 2,000, maana yake herufi 160,000 kama kila kadi imejaa, na mara nyingi hazikujaa. Picha moja ya simu yenye baiti milioni tatu, tukihesabu baiti moja kama herufi moja, ingehitaji maboksi 19 hivi.

Kusoma kadi kwa macho si kazi ngumu ukishajua mpangilio. Nafasi kumi za chini ni tarakimu, 0 hadi 9, na juu yake kuna nafasi mbili zinazoitwa 11 na 12. Tarakimu ina tundu moja: 5 ni tundu kwenye nafasi ya 5. Herufi ina mawili. A ni 12 pamoja na 1, B ni 12 pamoja na 2, hadi I ambayo ni 12 na 9. Kundi la pili linatumia nafasi ya 11, kuanzia J hadi R. Kundi la tatu linatumia 0, kuanzia S hadi Z, na kwa kuwa limebakiwa na herufi nane tu linaanzia kwenye 2 badala ya 1. Herufi ndogo hazikuwemo kwenye mashine za kawaida za kutoboa, na hiyo ni sababu mojawapo ya programu za zamani kuonekana kama zinapiga kelele, zote kwa herufi kubwa.

Asili yake si kompyuta. Mwanzoni mwa karne ya 19 huko Ufaransa, Joseph Marie Jacquard alitumia kadi zilizotobolewa kuongoza mashine ya kufuma vitambaa vya maua. Charles Babbage wa Uingereza akaliazima wazo hilo kwa mashine yake ya hesabu, ambayo haikujengwa ikakamilika. Aliyezipa kadi kazi ya ofisini ni Herman Hollerith, katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890. Kila mtu alitobolewa kadi yake. Kadi ikawekwa chini ya sindano nyingi. Sindano iliyokuta tundu ilipenya na kugusa kikombe cha zebaki kilichokuwa chini, saketi ikafungika, na mshale wa kuhesabia ukasogea hatua moja. Kampuni aliyoianzisha mwaka 1896 iliunganishwa na nyingine mwaka 1911, na mwaka 1924 muungano huo ukaitwa IBM.

Nataja historia hii kwa sababu inajibu swali ambalo wengi hawaulizi: kwa nini kompyuta, mashine ya umeme yenye kasi ya ajabu, ililishwa kwa karatasi? Jibu ni kwamba kadi zilikuwepo tayari. Makampuni ya bima, mabenki na serikali yalikuwa yameshatumia miongo kadhaa kujaza makabati yao kadi, yakanunua mashine za kuzitoboa na kuzipanga, na kuajiri watu wa kuziendesha. Kompyuta ilikuja kama mgeni, ikakuta nyumba ina desturi zake.

Sasa tuseme ni mwaka 1966 na wewe ni mwandishi wa programu. Hukai mbele ya kompyuta. Huenda hata huruhusiwi kuingia chumba ilimo. Unaandika programu yako kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, herufi moja katika kila mraba, na kila mstari wa karatasi utakuwa kadi moja. Karatasi hizo zinapelekwa kwa watoboaji. Hawa kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake, waliokaa safu kwa safu mbele ya mashine kama IBM 029, yenye kibodi upande wa mbele na kelele ya kutosha. Simulizi za enzi hizo huwasahau, zikawataja wahandisi na mashine tu, ilhali kila programu na kila hesabu ya mishahara ilipita kwanza kwenye vidole vyao. Kazi muhimu ilitobolewa na kisha kuhakikiwa: mtu mwingine anaandika upya maandishi yaleyale kwenye mashine ya uhakiki, ambayo haitoboi chochote bali inalinganisha na kukwama pale yanapotofautiana.

Kosa halifutiki. Tundu likishatoboka limetoboka. Kurekebisha herufi moja kulidai kadi mpya, ingawa mashine ilikuwa na kitufe cha kunakili kutoka kadi ya zamani, safuwima kwa safuwima, hadi ufike penye kosa, ukaandika herufi sahihi kisha ukaendelea kunakili. Herufi ikiwa imesahaulika kabisa, wajanja waliizuia kadi ya zamani kwa kidole isisogee huku ile mpya ikitobolewa herufi inayokosekana. Hivyo ndivyo maandishi yalivyohaririwa.

Bunda likikamilika, unaongeza kadi za kuiambia kompyuta la kufanya. Kwenye mashine za IBM System/360, zilizotangazwa mwaka 1964, kadi hizo zilianza na mikwaju miwili (//), na zilitaja kazi ni ya nani, itumie programu gani, data iko wapi. Kisha unalikabidhi bunda dirishani. Ndani, opereta anazipanga kazi za watu mbalimbali moja baada ya nyingine na kuzilisha kwenye msomaji wa kadi, yaani mashine ya kuzisoma. IBM 1402, kwa mfano, ilisoma kadi 800 kwa dakika. Huu ndio uchakataji wa mafungu: kazi zinakusanywa, zinapita kwa foleni, na mwenye kazi hashiriki chochote hadi imalizike. Baada ya saa kadhaa, au kesho yake, unarudishiwa bunda lako pamoja na karatasi ndefu iliyokunjwakunjwa kutoka kwa printa. Na karatasi hiyo huenda ikakuambia kwamba umesahau koma kwenye kadi ya tatu.

Uchumi ndio uliolazimisha hali hiyo. Saa moja ya kompyuta kubwa iligharimu zaidi ya saa nyingi za mshahara wa mtu, kwa hiyo busara ilikuwa mtu asubiri mashine, si mashine imsubiri mtu. Matokeo yake watu walizoea kuiendesha programu kichwani kwanza: unakaa na karatasi, unafuata mstari kwa mstari, unaandika pembeni thamani ya kila kigezo inavyobadilika. Wazee wa fani huipenda sana sehemu hii, na husema ndipo watu walipofikiri kweli. Mimi nakubali nusu tu. Kufikiri kabla ya kuandika ni tabia njema, lakini kusubiri siku nzima kwa ajili ya koma hakumfundishi mtu chochote asichokijua. Muda mwingi uliokwenda pale ulipotea bure, na wale waliopata nafasi ya kuachana na kadi waliziacha haraka.

Kuna hofu moja ambayo kila aliyetumia kadi huitaja: bunda kuanguka. Kadi mia tano zikitawanyika sakafuni, programu imetawanyika. Kinga ya bei rahisi ilikuwa kuchora mstari wa mshazari kwa kalamu juu ya kingo za bunda lililofungwa. Kadi iliyokaa pabaya inaonekana kwa sababu alama yake imetoka kwenye mstari. Kinga ya uhakika ilikuwa kutoboa namba ya mfuatano mwishoni mwa kila kadi, kwa kawaida kwa kuruka kumi kumi ili kadi mpya ipate nafasi katikati, kisha kuachia mashine ya kupanga.

Mashine hiyo inastahili maelezo. Ilitazama safuwima moja tu kwa wakati, na kuidondosha kila kadi kwenye mfuko unaolingana na tundu lililokutwa. Kwa hiyo namba ya tarakimu nne ilihitaji kupitisha bunda mara nne. Anayeanza angedhani aanze na tarakimu ya maelfu. La, unaanza na ya mwisho, ya mamoja. Unakusanya kadi kutoka mfuko wa 0 hadi wa 9 bila kuvuruga mpangilio, unazipitisha tena kwa makumi, kisha mamia, kisha maelfu. Siri ni kwamba kila mzunguko unahifadhi mpangilio wa ule uliotangulia ndani ya kila mfuko: kadi mbili zenye mamia sawa tayari zinafuatana vizuri kwa makumi na mamoja. Ukianza na maelfu, ungelazimika kupanga kila fungu peke yake na meza isingetosha. Mbinu hiyohiyo inafundishwa mpaka sasa katika masomo ya algorithimu.

Lugha za programu zenyewe zilichongwa kufuata kadi. FORTRAN, iliyotoka mwaka 1957 kwa kompyuta ya IBM 704 chini ya timu ya John Backus, iligawa kadi hivi: safuwima 1 hadi 5 ni za namba ya kutambulisha amri, ya 6 inaonyesha kwamba kadi hii inaendeleza iliyotangulia, na amri yenyewe inakaa kati ya 7 na 72. Ukiweka C kwenye safuwima ya kwanza, kadi nzima ni maelezo ya binadamu na kompyuta haiifuati. Na kwa nini 72 badala ya 80? Msomaji wa kadi wa 704 aliingiza kila mstari wa mlalo wa kadi kama mafungu mawili ya biti 36 (biti ni nafasi ya 1 au 0, yaani tundu lipo au halipo), na 36 mara mbili ni 72. Safuwima nane zilizobaki zikawa huru, ndizo zikabeba namba za mfuatano.

Utepe wa karatasi ulikuwa ndugu wa kadi, ukitumika zaidi kwenye kompyuta ndogo kama PDP-8 ya mwaka 1965, na una kumbukumbu yake moja nzuri. Kwenye utepe wa matundu saba, kosa liliweza kufutwa: unarudi nyuma na kutoboa nafasi zote saba, na msomaji anajua kuruka herufi yenye matundu kamili. Ndiyo maana katika ASCII, orodha inayoipa kila herufi namba yake ndani ya kompyuta, herufi ya kufuta ni namba 127, biti zote saba zikiwa 1, peke yake mwishoni, mbali na amri nyingine za udhibiti ambazo ziko mwanzoni.

Kadi zilianza kuondoka pale kompyuta moja ilipoweza kuhudumia watu wengi kwa zamu fupifupi, kila mmoja akiwa na kibodi yake. Chuo cha MIT cha Marekani kilionyesha mfumo wa namna hiyo mwaka 1961, na chuo cha Dartmouth kikazindua lugha ya programu ya BASIC mwaka 1964 kwa ajili ya wanafunzi waliokaa mbele ya kibodi za namna hiyo. Skrini zilipofuata, nyingi zilitengenezwa zikiwa na upana wa herufi 80, na dirisha la amri kwenye kompyuta nyingi za leo bado hufunguka kwa upana huo.

Mahali kadi ilipoacha alama inayouma ni COBOL, lugha ya programu za kazi za biashara. Katika mpangilio wake wa zamani, safuwima sita za kwanza ni za namba, ya 7 ni ya alama maalumu, amri inaanzia ya 8, na kompaila, programu inayotafsiri amri kwa lugha ya mashine, haisomi chochote baada ya 72. Programu za namna hiyo bado zinafanya kazi katika mabenki. Mtu anayezirekebisha leo kwenye skrini pana akiandika mstari ukapita mpaka huo, maneno anayaona vizuri mbele yake, lakini kompaila hayaoni, na kama sehemu iliyobaki inaleta maana, hakuna onyo litakalotokea.