Eti dawa ya kansa inatoka kwenye mikoko? Maswali ya wamama wa mwani, Sahare

Juzi nilikuwa Sahare hapa Tanga, maji yametoka, wamama wanaanika mwani, stori ikaangukia kwenye dawa za baharini, nikabanwa na maswali mpaka jua likazama.

Kweli kuna dawa za hospitali zinatoka baharini?
Zipo, tena za siku nyingi. Cytarabine ya kansa ya damu chanzo chake ni sifongo, mnyama wa baharini, Marekani waliiruhusu 1969. Ila mimi inayonikosha ni trabectedin, ya kansa za misuli na mafuta mwilini, hii ilianzia kwa kiumbe kilaini kama vifuko kinachong'ang'ania mizizi ya mikoko kule Karibi.

Si watawamaliza hao viumbe?
Hapo ndo palikuwa na mtihani, maana gramu 1 tu ya dawa ilikuwa inataka karibu tani nzima ya hao viumbe, yaani fuso linajaa halafu unaondoka na kijidawa kidogo kuliko chumvi ya mboga! Kumbe fundi mwenyewe wala sio mnyama, ni bakteria anayeishi ndani yake. Siku hizi wanafuga bakteria mwingine kwenye matangi, Pseudomonas fluorescens, anatoa malighafi, maabara wanamalizia. Ni kama mtindi tu, kazi wanafanya vijidudu wewe unasubiri.

Sasa si wawafuge wote kwenye matangi?
Bakteria wengi wanagoma, ukimtoa kwenye tope lake ukamweka kwenye sahani ya maabara haoti ng'o. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani wakatengeneza vijichumba vyenye utando wa matundu madogo mno, chakula kinapita ila bakteria hapiti, wakavilaza juu ya tope la pwani na maji yake ya bahari, wale wagomaji wakaanza kuota. Bi mkubwa mmoja akacheka, "Kumbe kama mwani wangu, ndooni haukai mpaka niufunge kamba baharini." Ndo hivyohivyo bibi.

Basi nikijikata nipake tope?
Weee! Humohumo kwenye maji ya bahari wamo bakteria wanaoitwa vibrio, ukoo mmoja na wa kipindupindu, wengine wanaingia kwenye kidonda nyama inaoza. Na hiyo trabectedin yenyewe inaingia kwa dripu, huku daktari anapima damu na ini. Ukikatwa na kombe osha na maji safi na sabuni, pakivimba au homa ikipanda zahanati siku hiyohiyo, usingoje bamvua lipite.