Je, wajua kwa nini dawa ya goti huumiza tumbo hata ukiinywa baada ya kula?

"Usimeze kabla hujala." Karibu kila anayetumia diklofenaki au ibuprofeni kwa goti lililochakaa amepewa onyo hilo. Chakula hupunguza kiungulia na kichefuchefu, lakini hakizuii vidonda vya tumbo. Hata diklofenaki ya sindano, isiyopita tumboni kabisa, inaweza kuleta kidonda. Madhara makubwa hayatokani na kidonge kugusa ukuta wa tumbo. Dawa hulifikia tumbo kwa njia ya damu.

Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, haina neva. Goti linapochakaa, maumivu hutoka kwenye mfupa ulio chini yake na kwenye utando wa kiungo unaovimba. Humo hutengenezwa prostaglandini, kemikali zinazozifanya neva ziwe nyepesi kuhisi maumivu. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia utengenezaji wake, na mwaka 1982 akawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel. Shida ni kwamba prostaglandini hizo hizo huliwezesha tumbo kutoa ute unaolikinga na asidi yake, na husaidia mishipa ya figo kubaki wazi. Kidonge hakichagui goti peke yake.

Ndiyo maana kwa goti ni busara kuanza na jeli ya kupaka. Goti liko karibu na ngozi, na diklofenaki ya jeli inayoingia kwenye damu ni kama asilimia 6 tu ya ile ya vidonge. Wengi huiacha wakisema haifanyi kazi, kumbe walipaka tone dogo. Jeli ya asilimia 1 hupakwa gramu 4 kwa goti moja, mara 4 kwa siku. Mstari wa jeli wenye urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada ni takriban nusu gramu, kwa hiyo unahitaji mistari minane. Paka mbele, pembeni na nyuma ya goti, subiri dakika 10 kabla ya kuvaa, na usioshe goti kwa saa moja. Usipake penye jeraha wala usikande kwa joto juu yake. Jeli yenye nguvu zaidi ina kipimo chake, kwa hiyo soma karatasi iliyomo kwenye boksi. Ipe wiki moja hadi mbili kabla ya kuihukumu, na usiichanganye na vidonge vya jamii hiyo hiyo, kama diklofenaki au ibuprofeni, bila daktari kujua.

Jeli isipotosha, vidonge vitumike kwa dozi ndogo inayoleta nafuu, na siku zenye maumivu tu ikiwezekana. Ibuprofeni ya kujinunulia isizidi miligramu 1,200 kwa siku. Kinachokinga tumbo kweli ni dawa ya kupunguza asidi: omeprazoli miligramu 20 kwa siku, kabla ya kifungua kinywa. Anayeihitaji zaidi ni mwenye umri wa miaka 65 na kuendelea, aliyewahi kupata kidonda, au anayetumia dawa za kuyeyusha damu. Huyo amwone daktari kabla ya kidonge cha kwanza. Omeprazoli hailindi figo wala moyo, kwa hiyo matumizi ya muda mrefu yaendane na kupima presha na damu ya kuangalia figo.

Mchanganyiko unaotutia hofu zaidi ni wa dawa tatu: kidonge cha presha kama losatani au enalaprili, dawa ya kukojosha maji, na hiki cha goti. Kila moja hubana kazi ya figo kwa njia yake. Mtu akiharisha au kutapika huku akizimeza zote, figo zinaweza kushindwa ndani ya siku chache. Ukipungukiwa maji mwilini, acha kwanza dawa ya goti na uwasiliane na daktari kuhusu nyingine. Nayo ibuprofeni huzuia kazi ya aspirini ndogo ya moyo. Ikiwa aspirini hiyo ni ya kawaida, isiyo na ganda la kukinga tumbo, ibuprofeni inywe angalau nusu saa baada yake, au zaidi ya saa 8 kabla yake.

Parasetamoli haigusi tumbo hivyo, ila nafuu yake kwa goti ni ndogo. Isizidi gramu 4 kwa siku, ukihesabu pia iliyomo kwenye dawa za mafua. Jihadhari pia na unga wa mitishamba unaoondoa maumivu usiku mmoja. Baadhi umekutwa umechanganywa kwa siri na diklofenaki au steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe), na steroidi iliyotumika kwa muda haiachwi ghafla.

Choo cheusi kama lami, matapishi kama mabaki ya kahawa, miguu kuvimba au mkojo kupungua: usimeze tena dawa ya goti, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hakuna kidonge kati ya hivi kinachorudisha gegedu. Kazi yake ni kukupa muda wa kuimarisha misuli ya paja, na misuli hiyo ndiyo inayolipunguzia goti mzigo. Dawa ikishashika, keti kitini, nyoosha mguu taratibu, uzuie hewani kwa sekunde 5 kisha ushushe. Rudia mara 10 kila mguu, kila siku.