Gemu si ngumu, TV yako ndiyo inachelewa

Nimechoka kusikia kwamba gemu mpya za NES, ile mashine ya zamani ya Nintendo, hazifai watoto kwa kuwa ni ngumu kupita kiasi. Mtu ananunua Micro Mages, waliyoitoa Morphcat Games mwaka 2019 ikiwa na KB 40 tu, anaiunga na TV ya flati ya inchi 50, mtoto anakosa kila ukuta anaourukia, kisha lawama anabebeshwa mtengenezaji. Tazameni TV kwanza!

NES ya hertz 60 hutoa fremu moja, yaani picha moja nzima, kila milisekunde 16.7. TV ya chogo huichora papo hapo. Flati nyingi hupokea ile picha ya mistari 240 zikidhani ni 480i, yaani picha ya mistari 480 inayotumwa nusunusu, zikaanza kuunganisha fremu mbilimbili, kisha zikaikuza ijae kioo. Kazi hiyo inakula muda, na ikifika milisekunde 100, hizo ni fremu sita. Mtoto anabonyeza A anapouona ukingo, kumbe ndani ya mashine ameshaanguka.

Kuna baya zaidi. Mhusika akigongwa, gemu nyingi humfanya apepese: fremu hii yupo, inayofuata hayupo. Flati inayounganisha fremu vibaya huweza kubaki na zile za "hayupo" peke yake. Mtoto anasema, "Baba, simwoni mtu wangu," nawe unamwambia akaze macho. Anasema kweli, kwenye kioo hayupo.

Kwa hiyo pima. 240p Test Suite ya NES, programu ya kupimia TV, ni ya bure: iweke kwenye kadi ya SD iliyofomatiwa kwa FAT32, ichomeke ndani ya EverDrive N8, kaseti inayosoma kadi hiyo, fungua Manual Lag Test, ubonyeze alama mbili zinapolaliana. Utapewa wastani kwa fremu. Kipimo hiki mimi sikiamini moja kwa moja, kwa sababu kinapima kidole chako pamoja na TV. Anza kwenye chogo ili ujue kidole chako kikoje, rudia kwenye flati, chukua tofauti. Zikizidi fremu mbili au tatu, washa Game Mode kwenye menyu ya TV, zima vikorombwezo vyote vya kulainisha picha, upime tena. Isiposhuka, tafuta chogo. Ya inchi 14 inatosha watoto wawili.

Mengine kwa haraka. Kaseti ya NES ina pini 72. Famicom, yaani NES ya Kijapani, na zile mashine za kuiga zilizojaa kwetu zina pini 60, hivyo unahitaji adapta. Mashine ikiwa ya hertz 50, gemu ya hertz 60 isiyorekebishwa itakwenda polepole kwa karibu asilimia 17, na muziki utaburuta. Chaja ya NES ya Marekani inatoa AC ya volti 9. Usiichomeke kamwe kwenye Famicom, utaiua, maana yenyewe inataka DC. Pini hazipulizwi kwa mdomo, mate yanaleta kutu: pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu.

Huna chogo kabisa? Achana na gemu za kuruka. Alter Ego ya Shiru, ya mwaka 2011 na ya bure, ni ya mafumbo: unamwongoza mtu mmoja na kivuli chake kinakwenda kinyume kama kwenye kioo, na unaweza kubadilishana nacho nafasi. Hapo fremu sita hazidhuru sana. Mtoto aonyeshe njia kwa kidole, wewe ushike pedi, hatua inayofuata mbadilishane.