Ile "s" ya Kimombo: dhana potofu na ukweli

Dhana mama ni kwamba "s" ni alama ya wingi popote ilipo. Mwanafunzi wa tuisheni akishakariri "book, books", anaona ni haki kabisa kuwaelezea wauza samaki wa Feri hivi: "They sells fish." Si wako wengi? Kumbe kwenye kitenzi mambo yamegeuzwa. "S" hiyo huja pale kiima kinapokuwa nafsi ya tatu umoja: Juma, mama, daladala ile. "She sells", lakini "they sell". Umoja wenyewe hautoshi pia, maana "I" ni mtu mmoja na bado haipewi "s".

Ipo dhana nyingine inayonikera zaidi: eti tunakosea kwa sababu Kiswahili hakina upatanisho wa kisarufi. Hebu hesabu: ninauza, unauza, anauza, tunauza, mnauza, wanauza. Sura sita, na hapo hatujagusa ngeli: kiti kimevunjika, mti umeanguka. Kiingereza kina mbili tu, "sell" na "sells". Upatanisho tunao tele, ila sisi tunauweka mbele ya kitenzi. Wao wameuficha mkiani, kwa herufi moja ambayo ni rahisi kumezwa mtu akiongea haraka.

Kwa hiyo Kiswahili chako kitumie. Kariakoo nzima hutasikia "bei ya nyanya zinapanda". Kila mtu anajua kinachopanda ni bei, hata nyanya ziwe tenga kumi. Basi ni "The price of tomatoes rises", usidanganywe na "tomatoes" iliyokaa jirani na kitenzi. "Kila mtu anajua" nayo inakupa "Everybody knows". Mtego upo kwenye habari: sisi husema habari zimefika, wao "the news has arrived", umoja, pamoja na hiyo "s" yake ya mwisho.

"She doesn't goes" je? "S" imeshahamia kwenye "does". Haikai sehemu mbili. Na baada ya "can" au "must" haiji kabisa.

Wengine huamini wakati uliopo sahili, yaani hiyo sura ya "sell" na "sells", ni wa sasa hivi. Hapa lawama kidogo iende kwa "-na-" yetu, inayobeba mizigo miwili. "Mama anapika chapati" yaweza kuwa ndiyo biashara yake, au yuko jikoni muda huu. Kimombo hutenganisha: "Mama cooks chapati" iko karibu na "mama hupika", aliye jikoni "is cooking". Anayetafuta pa kuipachika "-na-" ndiye hutoa "I am go". Ratiba nazo hutumia sura hiyohiyo sahili: "The ferry leaves at six" ni sawa hata kama kivuko cha Kigamboni bado hakijajaza abiria. Hiyo "six" ni saa kumi na mbili yetu, ila huo ugomvi tuuache.

Mwisho, wapo wanaodhani "s" hii imekuwapo tangu enzi na enzi kila mahali. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema "He maketh me to lie down", si "makes". "S" ilienea kutoka kaskazini mwa Uingereza ikaisukuma "-eth" pembeni. Na kule Norfolk, Waingereza wenyewe, lahaja ya wenyeji inaruhusu "she go" bila aibu. Wewe kwenye mtihani wa kidato cha pili andika "goes".